Ratiba Kwenye Fremu

Meli sijawahi kupanda na sina hamu. Nimeziona kwenye kalenda, nyeupe pe, zimejaa watu wenye miwani ya jua, na kila nikiziona natamani kuzitupia mkaa wa moto. Watu husema nina roho mbaya. Ninayo, sikatai. Hapa nitaeleza ilivyofanya kazi wiki moja ya Februari, katikati ya miaka ya tisini, wakati kimbunga cha baharini huko mbali kilipoingia nyumbani kwangu Mashimoni bila kubisha hodi.

Nilikuwa nakaanga samaki hapo Mashimoni, Kibera, mbele ya chumba nilichopanga. Wazazi wetu walitutangulia tukiwa bado wadogo huko kando ya ziwa, na mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, nilimlea mimi. Alisoma kwa samaki, akavaa kwa samaki, na alipopata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka kwenye meli ya watalii, hata pasipoti aliifuata akinuka samaki. Sioni aibu kusema hivyo. Waliotaka nione aibu ni wengine.

Likizo yake moja, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba, alipata msichana Kawangware 46, binti wa seremala kutoka Kitui aliyekuwa na karakana kando ya barabara. Kabla hajarudi baharini msichana alikuwa tayari anatapika asubuhi. Basi ikabidi twende kwao.

Nilienda kwa heshima zote. Nilioga mara mbili, nikavaa gauni la kanisani, nikamtanguliza mzee mmoja wa kanisa letu atusemee. Mama wa msichana alitusalimia vizuri, akanusa, akaenda akafungua dirisha. Kisha akachukua gazeti juu ya kabati, akalitandika kwenye kiti nilichokuwa karibu kukalia. Si kiti cha ndugu yangu, wala cha mzee wa kanisa. Changu. Labda alikuwa akimfanyia hivyo kila mgeni aliyetoka jikoni, maana viti vile mumewe alivitengeneza kwa mikono yake na kuvipiga vanishi. Labda. Mimi nilikaa juu ya lile gazeti saa mbili nzima, na kila nilipojisogeza lilikwaruza chini yangu na watu wote walisikia.

Tulipotoka nilimwambia ndugu yangu kwamba hao watu siwapendi na sitawapenda. Akacheka, akasema ni gazeti tu. Ni rahisi kusema ni gazeti tu ukiwa umekaa kwenye vanishi.

Siku hiyohiyo ndipo mzee, yaani baba wa msichana, alipotoa sharti lake. Kwetu kuoa ni ng'ombe, na ng'ombe wanaweza kungojwa hata miaka, watu wakiendelea kuzaa na kupika. Kwao mlango wa ndoa ni mbuzi watatu, wanawaita ntheo. Mbuzi hao wakichinjwa na kuliwa na pande zote mbili, msichana ameolewa. Wasipochinjwa hajaolewa, hata akizaa mara kumi, na mtoto ni wa babu yake mzaa mama. Mzee alisema mbuzi waletwe kabla mtoto hajazaliwa, na kijana awe amesimama pale yeye mwenyewe, asiwakilishwe, kwa sababu alishawaona mabaharia wanaooa kwa barua. Ingekuwa Jumamosi moja tu, ukoo ukija kutoka Kitui. Ikipita bila kijana, binti yake atarudi nyumbani kwa nyanya yake, mtoto azaliwe huko na awe wa huko, maneno yaishe.

Ndugu yangu alifurahi kabisa. Alitoa mfukoni karatasi yenye picha ya minazi na bahari, ratiba ya meli yao ya msimu ule wa watalii. Siku hii Durban, siku hii Komoro, siku hii Zanzibar, siku hii Mombasa. Ijumaa moja mwishoni mwa Februari alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo siku mkataba wake ungekwisha. Angeshuka Mombasa na begi lake, mwenzake apande kuchukua nafasi yake, na yeye apande basi la usiku. Jumamosi asubuhi yuko Nairobi, adhuhuri yuko Kawangware na mbuzi wake.

Mzee aliisoma ile karatasi kama mtu anayesoma hati ya shamba. Ndugu yangu alimwambia kwamba ratiba za meli huwa zinabadilika, kwamba Februari bahari ya kusini ina dhoruba. Mzee akajibu kwamba imechapishwa. Kwake kitu kikishachapishwa na kampuni yenye meli ya ghorofa kumi, kimekwisha. Tulipopita pale siku nyingine kuaga, tulikuta ameitengenezea fremu ya mbao za mahogani zilizobaki karakanani, akaitia kioo, akaitundika sebuleni kati ya picha ya Yesu na saa ya ukutani. Mtu hutia kwenye fremu cheti cha ndoa, hutia picha ya marehemu. Yeye alitia safari ya meli.

Mimi nilikuwa na karatasi kama hiyo. Ndugu yangu aliipigilia msumari ukutani juu ya jiko langu, ikala moshi na mafuta mpaka minazi ikawa rangi ya chai. Lakini mimi nilijua thamani yake, kwa sababu nilifundishwa. Siku moja mchana tukila, kabla hajaondoka, nilimuuliza hiyo dhoruba ni kitu gani kinachoweza kumzuia mwenye meli kubwa vile. Akachukua sahani, akaweka samaki katikati akasema hii ni Madagaska. Ukingo wa sahani ukawa Afrika. Kiberiti kikawa meli. Halafu akaweka kidole kwenye mchuzi kati ya samaki na ukingo, akaanza kukizungusha.

Dhoruba, alisema, haikimbii. Inazunguka palepale huku inatembea kama mlevi, leo inaelekea kule, kesho inageuka, na ndiyo sababu huwezi kupishana nayo kwenye njia nyembamba. Nahodha hangojei aione. Anapata habari kwa redio siku tatu kabla, na palepale anageuza. Kama dhoruba iko katikati, anapita nyuma ya samaki, upande wa mashariki, hata kama ni kuongeza siku nyingi. Visiwa vidogo ambako abiria hushushwa kwa mashua anaviruka kabisa, maana wimbi likiwa kubwa mashua haisimami kando ya meli. Bandari zinapangwa upya, ya mwisho inakuwa ya kwanza, nyingine inafutwa. Bwawa la kuogelea linamwagwa maji, viti vinafungwa kamba, na mifuko ya kutapikia inawekwa kwenye ngazi. Na cha ajabu, alisema, wakati huo wote jua linawaka na bahari ni shwari, kwa sababu wameikimbia mapema. Abiria wanakasirika. Wanamtukana nahodha kwamba amewanyima Zanzibar na mbingu iko buluu. Wakienda kulalamika, wanaonyeshwa maandishi madogo nyuma ya ratiba yanayosema kampuni inaweza kubadilisha bandari yoyote siku yoyote.

Nilimuuliza wafanyakazi je, ambao walikuwa washuke kwenye hiyo bandari iliyofutwa. Akala Madagaska kipande. Akasema wafanyakazi wanaendelea kufua mashuka.

Basi alienda. Miezi ikapita, tumbo la msichana likakua, na mimi nikabaki na kazi ya kutafuta mbuzi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe niliwapata watatu, nikawafunga kwenye mlingoti wa kamba ya nguo, Mashimoni, mahali ambapo hata kuku anakosa pa kugeukia. Mbuzi wale walinionyesha mambo. Walikula kabichi za jirani, walikula pazia, walikula sabuni. Usiku walilia, mchana walinya. Na jua la Februari ile lilikuwa la kupasua midomo. Maji yalikuwa shida, tulipanga foleni kwenye kibanda cha maji tangu alfajiri, na mimi nikifikisha mtungi nyumbani nusu inakwenda kwa mbuzi wa watu walionitandikia gazeti. Majirani walinichukia, nami nikawachukia. Niliwahesabia wale mbuzi siku zao.

Jumatano kabla ya ile Jumamosi, saa nne asubuhi, mwenye bucha alimtuma mtu aniite. Yeye ndiye aliyekuwa na simu karibu nasi, aliifungia kwenye kisanduku cha mbao chenye kufuli, na ndugu yangu alikuwa na namba yake kwa ajili ya dharura. Kawangware kwa kina msichana hakukuwa na simu. Nilifika mikono ikiwa na unga na magamba, mwenye bucha akanishikia mkono wa simu kwa karatasi.

"Sista, sikia vizuri, kadi inaisha," ndugu yangu alisema. "Meli haingii Mombasa Ijumaa. Kuna cyclone imeingia hapo kati ya Madagaska na Msumbiji, captain amezungukia mashariki. Saa hii tuko Morisi. Tutaenda Shelisheli, halafu ndio Mombasa. Mimi nitafika Nairobi Jumapili ya wiki ijayo."

Nikamwambia nimesikia.

"Enda Kawangware leo. Leo, sista. Mwambie mzee asongeze siku nane. Akijua leo hakuna shida, watu wa Kitui hawajapanda basi."

Nikasema sawa. Simu ikakatika.

Nataka nieleze vizuri kilichofuata, kwa sababu kwa miaka kadhaa nilikieleza vibaya. Nilitoka bucha nikiwa na hasira na meli. Nilifika nyumbani nikiwa na hasira na mbuzi, ambao sasa nilipaswa kuwalisha siku nane zaidi. Lakini nilipokaa mbele ya karai, mafuta yakianza kuchemka, niliwaza uso wa yule mama Jumamosi adhuhuri. Niliuona. Ukoo mzima umekaa, masufuria yako motoni, na mlangoni haingii mtu. Nikaona anatazama kiti kilichobaki wazi. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulipoa kama niliyekunywa maji baridi.

Siku ile ya Jumatano sikuenda. Nilijiambia samaki wataharibika. Alhamisi nilijiambia lazima niende Gikomba kuchukua samaki wengine, na kweli nilienda, na kutoka Gikomba ningeweza kufika Kawangware kabla ya giza. Ijumaa asubuhi dhamiri ilinisukuma nikatoka. Nilitembea mpaka Dagoretti Corner. Nikasimama pale, nikanunua ndizi, nikaila yote nikitazama barabara ya Kawangware. Kisha nikageuka nikarudi kukaanga. Nilijua hiyo Ijumaa jioni watu wa Kitui watashuka kwenye basi na mizigo yao. Nilijua kabisa.

Kwa mzee wa kanisa nilituma habari kwamba shughuli imeahirishwa, asijisumbue. Yeye nilimwambia mapema. Huyo hakuwa amenikosea.

Jumamosi nilienda peke yangu, bila mbuzi. Sikuoga mara mbili. Nilivaa gauni la kazini lenye mafuta kifuani, nikafika saa sita kamili, wakati kila mtu amekaa. Uwanja wa karakana ulikuwa umefagiliwa maranda yote. Walikuwa wamefunga turubai kwa ajili ya kivuli, na chini yake wazee wa Kitui walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mapya yanayonuka mbao. Wanawake walikuwa wakichambua mchele. Kulikuwa na kisu kimenolewa, kimewekwa juu ya majani ya mgomba, pale ambapo mbuzi wangechinjiwa. Mzee alikuwa amevaa koti la suti. Aliponiona peke yangu alitazama nyuma yangu, akatazama tena.

Nikasema kijana hatakuja, meli imechelewa, kuna upepo baharini.

Hivyo tu. Ningeweza kuomba sahani. Mchele ulikuwepo, viberiti vilikuwepo, ningeweza kuwawekea Madagaska pale mezani na kuzungusha kidole mpaka hata bibi wa miaka themanini aelewe ni kwa nini meli inakimbia kitu ambacho haijakiona. Nilifundishwa, nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikasema upepo baharini, kama mtu anayesema mbwa amekula barua.

Wazee walitazamana. Mzee mmoja mwenye fimbo alicheka puani, akasema kitu kwa Kikamba, na wengine wakatikisa vichwa. Baba wa msichana alitoka chini ya turubai akasimama juani, akainua uso.

"Upepo gani?" aliniuliza. "Hapa hata wingu hakuna. Jana nilisikiza redio habari yote, hawakusema meli imezama."

Nikasema haijazama, imezunguka.

"Imezunguka nini? Si imeandikwa Ijumaa Mombasa?" Akaingia ndani, akatoka na ile fremu, akaweka kidole juu ya kioo, kwenye duara jekundu. "Soma."

Nikasema naiona.

Hapo msichana akatoka mlangoni. Sikuwa nimemtazama vizuri tangu tumbo lilipokuwa dogo. Alikuwa amesukwa nywele upya, amevaa kitenge, tumbo limeshuka, miguu imevimba mpaka viatu havikufunga. Hakulia na hakupaza sauti. Alikuja akasimama mbele yangu karibu, na kama alisikia harufu ya samaki hakuonyesha.

"Auntie," alisema, "alipiga simu lini?"

Watu wote waliinua vichwa kunitazama. Hata wanawake wa mchele walisimamisha mikono. Nilimtazama mama yake aliyekuwa nyuma yake. Uso ulikuwa vilevile nilivyouona Jumatano mbele ya karai, aibu tupu, na nilikuwa nimeutembelea kutoka Kibera kwa miguu.

"Leo asubuhi," nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu. Akaingia ndani. Baadaye, miaka baadaye, nilikuja kuelewa kwamba lile ndilo swali pekee lililokuwa na maana siku ile. Mtu akikuambia mapema kwamba hatakuja, amekuheshimu. Akikuambia wageni wakiwa wamekaa, amekuchezea. Yule msichana alikuwa anampimia ndugu yangu heshima yake, na mimi nilimpa kipimo cha uwongo.

Mzee hakunitukana. Alinipa ile fremu mikononi, kioo kikiwa cha moto kwa jua, akasema nipeleke kwetu, yeye hana matumizi nayo. Nikatembea nayo mpaka Mashimoni nikiwa nimeikumbatia. Watu njiani walidhani nimenunua picha ya Yesu.

Jumapili walimpeleka msichana Kitui na basi lilelile lililoleta ukoo. Nilipata habari Jumatatu kwa mteja wangu mmoja. Nilisema afadhali. Niliisema kwa sauti, mara mbili, nikigeuza samaki.

Ndugu yangu alishuka Mombasa Jumamosi iliyofuata, kama alivyosema. Jumapili asubuhi alifika Nairobi, na kwa sababu aliamini nimefikisha ujumbe, hakuja kwangu kwanza. Alienda moja kwa moja Kawangware na begi lake, shati jeupe alilopiga pasi mwenyewe melini na suruali mpya. Alidhani atakuta turubai. Alimkuta mzee peke yake anapiga randa. Waliongea nini sikuwepo, ila najua waliongea muda mrefu, kwa sababu alifika kwangu alasiri.

Nilikuwa nje, mbele ya karai, mteja mmoja amesimama anangojea samaki wawili. Nilimwona akija kwenye kichochoro, begi begani, nikasimama nikafuta mikono. Nikamwambia karibu, nikamsogezea kigoda. Hakunisalimia. Alitazama kigoda. Halafu akanyoosha mkono kwenye rundo la magazeti ninayofungia samaki, akachukua moja, akalikunjua polepole, akalitandika juu ya kigoda, akalilainisha kwa viganja pande zote mbili kama anavyolainisha mashuka ya watu. Ndipo akakaa.

Lilikwaruza.

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia watu wale ni wabaya, walikuwa wanatafuta sababu, hata fremu wamerudisha, hii hapa. Nikalaumu dhoruba, nikalaumu nahodha. Aliniacha nikamaliza.

"Sista, dhoruba haikutufanya kitu," akasema. "Hata glasi haikuvunjika. Captain aliambiwa siku tatu mbele, akageuza, ikaisha. Meli yote iliokolewa na siku tatu. Mimi nilikupatia hizo siku tatu, Jumatano saa nne."

Mteja alijifanya anatazama mbuzi. Mafuta yalikuwa yanaungua, nikayaacha yaungue.

Akasimama, akawafungua mbuzi wale watatu kwenye mlingoti, akaondoka nao kuelekea kituo cha mabasi ya Kitui. Mzee wa kule, yaani baba wa seremala, aliwapokea mbuzi kwa adabu lakini hakuwachinja. Alisema siku yao ilipita, na mtu haombi msamaha kwa kisu. Wakawekwa zizini na wengine, wakazaana. Mtoto alizaliwa Machi, msichana, akawa wa nyumba ile kama walivyosema, akapewa jina la nyanya yake, yule mama wa Kawangware. Ndugu yangu alirudi baharini. Yule binti wa seremala baadaye aliolewa na mwalimu hukohuko, na mbuzi wa huyo mwalimu walichinjwa kwa siku yao.

Sikuwahi kumwomba ndugu yangu msamaha kwa mdomo. Nilimpikia. Kila likizo huja Mashimoni, ananiita sista kama zamani, ananiletea sabuni ndogo za melini, anakula samaki na kusifu. Hanikasirikii tena, ninavyoona. Lakini kabla hajakaa, kila mara, anachukua gazeti kwenye rundo na kutandika. Nimebadilisha kigoda, nimenunua kiti chenye mto, bado anatandika. Sijawahi kumwuliza na hajawahi kusema.

Mwaka wa mwisho wa ile miaka ya tisini walimruhusu amchukue mtoto siku mbili. Alikuja naye amemshika mkono, mtoto wa miaka mitatu na ushei, macho ya mama yetu kabisa, yaliyotulia kwenye uso wa watu wa Kitui. Nikasahau samaki. Nikamwambia karibu mama, karibu kwenu, nikamwekea kigoda kidogo nilichokuwa nimekiosha tangu asubuhi kwa sabuni ya unga.

Mtoto alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akilainisha gazeti lake. Basi na yeye akaenda kwenye rundo, akavuta karatasi kubwa kuliko yeye, akaiburuta, akaitandika juu ya kigoda chake, akapangusa huku na huku kwa viganja vidogo. Akakaa. Kisha akaniangalia usoni, akingoja nimsifu kwamba amejua adabu ya nyumba yetu.